Dumila Breki Zilinikimbia, Mwenzenu!

Jamani, Subaru Impreza tamu! Mwaka 1997 Colin McRae alishinda nayo Safari Rally, na mwenzenu nikajiona McRae wa Moro. Jumamosi hiyo nikaingia njia ya vumbi ndani ya shamba la mkonge la rafiki, kutoka Dumila unashika njia ya Kilosa. Mdogo wangu kaketi kushoto, saa mkononi.

Mzunguko wa kwanza, raha tupu. Wa tatu nikapunguza sekunde 10, dogo anapiga kelele, "Kanyaga, braza!" Wa sita, kwenye kona, nikakanyaga breki. Pedali ikashuka hadi chini kama nimekanyaga matope. Kumbe mafuta ya breki yakichemka huzaa mvuke, na mvuke unabonyea tu, hausukumi kitu. Nikashusha gia, tatu, mbili, gari likajilaza kwenye mkonge. Dogo kimya. Nilimtazama mara mbili nione kama anapumua. Mwiba ulimchana shavu, basi.

Jumapili fundi kabadili mafuta, nikarudi Moro mwendo wa 60, na ndoo ya nyanya za Dumila ya kumlainisha mama watoto. Akaziangalia nyanya, akaliangalia shavu la shemeji yake.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Dogo akanitazama mimi.