Spana Iliyotuponyoka
Jioni moja mjini Busia, upande wa Uganda, tulifungua injini ya gari letu kwa mikono yetu, kwa ubahili tu. Spana ya namba 10 ikatuponyoka, ikatumbukia katika uwazi upitao mnyororo wa vali. Mlio mmoja, kisha kimya. Tungaliwasha, mnyororo ungalikatika. Na alfajiri tulikuwa na ahadi ya kumpeleka mama yetu hospitalini Tororo.

Tukamwita fundi, kijana wa jirani, tukamwomba sumaku.

"Nini, mwalimu?"

"Ile inayovuta chuma."

"Kumbe magineti!"

Neno tulilolifundisha miaka ishirini halijafika kwake. (Si ajabu: ni waendesha baiskeli wa mpaka huu, tangu miaka ya 1960, walioitia "bodaboda" katika Kiswahili pasipo kutuuliza walimu.)

Kila iliposhushwa, sumaku ilinasa kwenye kuta za injini. Kijana akaivisha kipande cha mpira wa baiskeli, akaiacha ncha wazi, akaishusha tena kwa uzi. Saa tano usiku spana ikapanda polepole, imelowa oili. Mama, aliyejikunyata mlangoni na khanga yake, akauliza kama sasa aweza kwenda kulala.