Likizo ya Mombasa: Ulizeni kwanza saa za maji

Familia nyingi za bara zishukapo Mombasa hukimbilia ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, zisijue kwamba ratiba ya siku hupangwa na bahari yenyewe.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Kwa hivyo mzazi, kabla ya watoto kuvua nguo, muulize mvuvi maji yatajaa saa ngapi.

Yakipwa, tembeeni kuelekea mwambani mkatazame samaki wadogo na viti vya pweza kwenye vidimbwi. Vaeni raba, kwani kuna viumbe wenye miiba mikali. Tazameni tu, msichukue.

Maji yaanzapo kurudi, nanyi rudini. Huja kimyakimya na huweza kujaza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yenu, mtoto asiyejua kuogelea akazingirwa. Wa kuogelea waogelee karibu na ufuo, mtu mzima akiwa nao majini.

Jua likiwa kali, nendeni Mji wa Kale. Izungukeni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha mle viazi karai na kunywa madafu.

Bahari haina haraka. Nanyi msiwe nayo.