Usaili au Kazi?

Mwanafunzi wangu wa zamani, fundi wa urembo wa ngozi, aliitwa kwenye usaili katika saluni moja jijini Kampala. Siku tatu aliwahudumia wateja. Mwenye saluni akapokea fedha, yeye akaambulia ahsante. Kipimo changu ni chepesi: palipo na mteja anayelipa, pana kazi, na kazi ina ujira. Ustadi waweza kupimwa kwa saa moja, juu ya uso wa mwajiri mwenyewe. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yaagiza malipo sawa kwa kazi sawa. Lakini kima cha chini cha mshahara ni kilekile cha mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi, nacho hakimlindi mtu. Basi, ndugu msomaji, patana ujira kabla hujamgusa mteja wa kwanza.