Mashine iliyolala chini ya turubai miezi 8

Leo sina umbea wa staa. Nina habari ya nyumbani kwetu Mwanza, na majina kapuni kama kawaida, maana wahusika wote wana simu na wanasoma.

Bamdogo wangu amekuwa fundi wa injini za boti Kirumba tangu sijazaliwa. Mwaka juzi akapata mashine ya kuchonga vyuma, mtumba wa Ulaya, zito kama jiwe la pale ziwani. Sio ile ya kukereza ambayo chuma ndicho kinachozunguka. Hii chuma kinafungwa mezani, kisu kinazunguka, meza inasogea. Ndoto yake ilikuwa achonge shafti za boti mwenyewe, asipeleke kazi kwa watu akasubiri wiki mbili huku mvuvi anampigia simu kila asubuhi.

Sasa hela. Nyingi zilikuwa za mamdogo, faida ya dagaa, aliyoidunduliza senti kwa senti. Mashine ikafika, ikapandishwa kule mlimani kwetu kwenye mawe na vijana 11 na kamba. Ndipo ikagundulika mota yake ni ya umeme wa njia tatu. Kwetu Luku ni ya njia moja, kama kwa watu wengi tu. Kuvuta njia tatu mpaka kule juu kulitaka nguzo, na makadirio yalipokuja Bamdogo aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, hatukuiona tena.

Turubai juu. Miezi 8. Kuku wakaanza kulala pale. Mamdogo hakugomba hata siku moja, na mnajua mwanamke asipogomba ndio hatari yenyewe. Alikuwa akipita anaitazama tu. Mara nikasikia anaulizia bei ya chuma chakavu kwa kilo.

Washauri hawakukosekana. Kishoka mmoja akaja usiku, eti atamwunganishia njia tatu "fasta" kutoka kwenye nguzo ya jirani bila mtu kujua. Bamdogo akamfukuza. Mtaa wetu tumeshamzika kijana kwa kazi ya namna hiyo, na mama yake bado yupo, tunamsalimia kila siku.

Basi akatokea binti mmoja, 23, amesomea umeme chuoni, kaletwa na binamu yangu. Kaingia na begi la mgongoni, "Shikamoo baba." Bamdogo kaitikia marahaba huku anachungulia nyuma yake kutafuta fundi mwenyewe yuko wapi! Vijana kijiweni wakacheka. Mimi nikabaki kuangalia, na niseme ukweli, nilifurahi sana na yaliyofuata.

Kitu cha kwanza hakugusa waya. Akafuta vumbi kwenye kibati cha mota akakisoma. Kilowati 1.5, volti 230/400. "Baba, hii inawezekana." Akaeleza kwamba kuna kiboksi, mafundi wanakiita inveta ya mota, msichanganye na ile ya sola. Kinapokea njia moja ya volti 230, kinaugeuza umeme kuwa mnyoofu kama wa betri, halafu kinaukatakata na kuutoa upya kwa njia tatu. Ila hakitoi volti 400, kinatoa 230 ileile. Ndiyo maana akafungua kisanduku cha mota, akahamisha vile vibati vitatu vya shaba kutoka mpangilio wa nyota kwenda pembetatu. Angeuacha wa nyota, mota ingezunguka vizuri ikiwa tupu, lakini kisu kikigusa chuma ingekufa nguvu.

Akavuta laini yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka kuu, waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, waya wa ethi mpaka kwenye mwili wa mashine. Bamdogo alikuwa ameshaandaa ekstensheni ya friji. Binti akaiangalia tu, akairudisha sebuleni.

Kiboksi akakifunga ukutani mbali na mashine, maana chembe za chuma zikiingia ndani kwisha habari. Halafu akatukalisha chini, na hapa alikuwa mkali: hata ukizima, ndani yake bado kuna volti zaidi ya 300 kwenye kapasita. Subiri dakika 10, pima kwa mita, ndipo ufungue. Akamrudisha na mdogo wangu aseme kwa mdomo wake.

Ubishi ulikuja kwenye swichi. Mashine ina swichi yake ya zamani, kubwa, ya chuma, na Bamdogo aliipenda. Binti akakataa isikae kati ya kiboksi na mota, kwa sababu ukiikata mota ikiwa inazunguka unaweza kuunguza kiboksi. Ndipo mamdogo, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akauliza swali lake la kwanza tangu mashine ije:

"Na umeme ukikatika, ukirudi ghafla mkono wake uko pale kwenye kisu?"

Kimya. Wanaume wote pale, hakuna aliyewahi kulifikiria. Na umeme wa kwetu mnaujua.

Binti akatabasamu. Akasema swichi ya kubaki imewashwa ndiyo ingeua mtu. Akaweka vitufe vya kubonyeza na kuachia, kijani cha kuwasha, chekundu kikubwa cha kuzima, kwa nyaya nyembamba zinazoingia kwenye kiboksi. Umeme ukirudi, mashine inabaki imelala mpaka mtu abonyeze tena. Akashusha breka katikati ya jaribio, akapandisha. Kimya. Mamdogo akamwambia arudie. Akarudia mara tatu.

Kuna kirungu pia cha kupunguza mwendo. Kutoka hezi 50 hadi 25, mota inazunguka nusu. Vijana wakataka kukichezea. Kumbe feni ya mota imefungwa kwenye shafti ileile, mwendo ukipungua na yenyewe inapoa vibaya, kwa hiyo hauwezi kuiendesha polepole kutwa nzima.

Kazi ya kwanza ilikuwa shafti ya boti, kuchonga mfereji wa kii. Mwenye boti alilipa palepale. Bamdogo akazihesabu, akampa mamdogo zote. Mamdogo akaandika kwenye daftari la dagaa, ukurasa mpya, juu kabisa deni lote, chini yake malipo ya kwanza. Bado anadai kama robo tatu hivi. Ufunguo wa chumba cha mashine anakaa nao yeye, kwenye khanga, na kijiweni sasa yule binti anaitwa "fundi", na hakuna anayecheka.