Insha ya Makerere

Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alizaliwa Butiama mwaka 1922, katika boma la chifu mwenye wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Mtoto aliyekulia pale hakuhitaji kitabu ili ajue nani huamka wa kwanza, nani hubeba kuni, nani huinamia jembe hadi jua la utosi. Lakini mambo tuliyoyazoea tangu utotoni huwa hatuyaulizi.

Swali lilimjia akiwa Chuo cha Makerere, Uganda, kati ya 1943 na 1945. Huko alimsoma John Stuart Mill, Mwingereza aliyefariki mwaka 1873, ambaye katika kitabu chake cha 1869 alipinga mwanamke kuwekwa chini ya mwanamume. Mill alikuwa akizungumzia Uingereza yake, ambako kwa sheria ya siku zile mwanamke alipoolewa sehemu kubwa ya mali yake iliangukia mikononi mwa mumewe. Nyerere alizichukua hoja hizo akaziandikia insha, akapima kwazo maisha ya watu wa kwao. Mgeni ambaye hakuwahi kuonana naye alikuwa amempa macho ya kumtazamia mama yake.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alikariri shuleni Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa ya Nyerere, bila kuisikia insha hiyo. Aliamini Ujamaa ulichipuka wote kutoka kijijini. Baadaye akajifunza kwamba Nyerere mwenyewe alisema mawazo yake ya kisiasa yalikomaa Edinburgh, alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952.

Hata hivyo, kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962 kinaisifu familia ya jadi karibu bila doa: kila mtu alifanya kazi, na hata mgeni siku ya tatu alipewa jembe. Ukitoka kwenye insha ya Makerere, unajiuliza: na yule aliyeshika jembe kila siku?

Jibu lilikuja Septemba 1967, katika andiko lake, Ujamaa Vijijini. Humo Nyerere anakiri kwamba jadi ilikuwa na kasoro mbili, umaskini na hali ya wanawake, na kwamba wanawake walifanya, na bado wanafanya, kazi kupita sehemu yao, shambani na nyumbani. Mwandishi anauthamini ukurasa huo kuliko sifa zote za 1962. Unamwonyesha kiongozi akiyarudia aliyoyasoma ujanani na kuisahihisha kauli yake mbele ya taifa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyafuata mawazo hayo nusu njia. Ilimtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali, ikamkataza mume kumpiga, lakini ikaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisonga mbele zaidi: ikaamua kwamba kazi za mke nyumbani, kupika na kulea, nazo ni mchango wake katika mali ya ndoa.