Sensa ya Injini, Sensa ya Watu

Neno sensa lina makazi mawili katika Kiswahili chetu cha leo. Ofisini ni ile hesabu ya watu na makazi, kama tuliyoifanya Agosti 2022 ikatuambia kwamba Watanzania tumefika 61,741,120. Gerejini ni kile kidude kilichochomekwa kwenye injini ili kiieleze kompyuta ya gari hali ya joto, hewa na moshi. Wanaisimu wanapendelea kihisi, nami nitawatii, ingawa nadhani mafundi wetu, kwa kutamka maneno mawili ya kigeni kwa namna moja, wametuonyesha undugu ambao hatukuutafuta.

Nimelifikiria jambo hili kwa miezi kadhaa kwa sababu ya pikapu ya shemeji yangu. Ni pikapu ya petroli, silinda nne, inayoteremka na kabichi na karoti kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini, na kurudi na mbolea. Nyumba nzima ya dada yangu imesimama juu ya magurudumu yake manne. Ilipoanza kumisi, kama wasemavyo mafundi, ilimisi mlimani tu. Tambarare ilikwenda vizuri. Ukiipita Mzumbe na kuanza kupanda Uluguru, bodi inatetemeka, nguvu inakatika, na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka na kuzima.

Taa hiyo inastahili kuelezwa, maana wengi wetu tunaiona kila siku na kuipuuza. Ikiwaka moja kwa moja, inasema kuna hitilafu iliyoandikwa. Endesha taratibu ukapime. Ikiwa inakonyeza, silinda inakosa kuwaka kiasi kwamba petroli mbichi inaweza kufika kwenye bomba la moshi na kuunguza kichujio cha gesi, ambacho ni kifaa cha bei mbaya. Mfumo huu haukubuniwa kwa ajili ya kumhurumia mwenye gari. Ulianzia California, katika vita dhidi ya moshi mchafu wa mijini, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani ikaulazimisha nchi nzima: soketi moja ya pini 16, na lugha moja ya kodi kwa watengenezaji wote. Ndiyo maana fundi wa Morogoro mwenye kifaa kidogo cha mkononi anaweza leo kusoma gari lililoundwa bara lolote.

Kifaa kilisoma kodi mbili: P0302 na P0171. Ya kwanza inasema silinda ya pili inakosa kuwaka. Ya pili inasema mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo.

Fundi wa kwanza aliisoma P0171, akasema kihisi cha oksijeni kimekufa. Kikabadilishwa. Wiki moja baadaye taa ikarudi. Fundi wa pili akasema kihisi cha kupima hewa inayoingia. Kikabadilishwa nacho, kwa fedha ambazo dada alikopa kwenye kikundi chao cha vicoba. Taa ikarudi. Fundi wa tatu, baada ya kuvuta pumzi ndefu, alitamka hukumu ambayo kila mwenye gari huiogopa: kontroboksi. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na ada ya mwaka ya mtoto wao wa pili chuoni. Wakati huohuo akajitokeza mnunuzi, jirani mwenye huruma nyingi, aliyekuwa tayari kuichukua pikapu kwa bei ya chuma chakavu. Shemeji alinipigia simu usiku kuniuliza auze au asiuze.

Nilimpeleka kwa fundi wa nne, mzee mmoja wa umeme wa magari asiye na kibao wala karakana, anayefanya kazi chini ya mwembe. Aliposikia hadithi yote alimuuliza shemeji swali moja ambalo wenzake hawakuliuliza: "Bwana mdogo, hivi vilivyotolewa, nani alivipima kabla ya kuvitoa?" Shemeji alinyamaza.

Kisha mzee akaanza kazi ambayo kwa macho ya mpita njia haikuwa kazi. Aliitoa koili ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, na ya tatu akaileta ya pili. Akaniagiza tukapande kilima na kurudi. Kama koili ndiyo mbovu, alisema, kodi itahama nayo, itakuwa P0303. Tuliporudi ilikuwa bado P0302. Akahamisha plagi, tukapanda tena. P0302. Akapima mgandamizo wa silinda zote nne; zilikaribiana. Akahamisha nozeli, na hapo nikaona jinsi kazi inavyohitaji subira, kwa sababu kuzifikia nozeli ni kufungua mambo mengi. P0302 haikuhama.

"Mwalimu," aliniambia akijifuta mikono, "mashine hii haijui ugonjwa. Inajua malalamiko."

Kilichobaki kilikuwa njia ya kuifikia silinda. Aliichomoa soketi ya nozeli ya pili, akachomeka mahali pake kitaa kidogo cha majaribio, akawasha injini. Kitaa kilikonyeza sawasawa. Akaushika mkongo wa waya pale unapopita karibu na chuma kimoja nyuma ya injini, akaupinda kidogo tu. Kitaa kikazima. Akauachia, kikakonyeza tena. Klipu iliyopaswa kuuzuia mkongo usisugue haikuwapo. Labda mtu aliifungua siku moja na hakuirudisha. Ndani ya ganda lake waya mmoja ulikuwa umekatika nyuzi karibu zote. Tambarare, nyuzi chache zilizobaki zilitosha. Mlimani injini inapojivuta nyuma kwenye mipira yake, zinaachana.

Sasa msomaji airudie P0171, kwa sababu hapo ndipo penye somo la siasa, na si kwenye waya. Silinda isiyopata petroli inavuta hewa na kuitoa ilivyo. Hewa hiyo ina oksijeni. Kihisi cha oksijeni kiko mahali ambapo moshi wa silinda zote nne umekutana. Chenyewe hakijui silinda, kinajua jumla. Kikaona oksijeni nyingi, kikasema kweli: petroli ni kidogo. Kompyuta nayo, mtumishi mtiifu, ikaongeza petroli. Ikaziongezea silinda zote. Zile tatu zilizokuwa zimeshiba zikalishwa zaidi, na ile ya pili, ambayo waya wake umekatika, haikupata hata tone la nyongeza. Kihisi kikaendelea kuona oksijeni, kompyuta ikaendelea kuongeza, hadi ikafika mwisho wa uwezo wake ikawasha taa. Kihisi cha zamani, kile kilichotupwa, hakikuwa na kosa lolote.

Wale kati yenu mnaofanya kazi halmashauri mtakuwa mmeshatabasamu. Wastani wa wilaya unasema dawa hazitoshi, au vitabu, au walimu. Wizara inaongeza mgawo. Mgawo unapita barabara zinazopitika na kufika kwenye vituo ambavyo tayari vilikuwa navyo. Kijiji ambacho njia yake imekatika kinabaki kilivyo. Na mwaka unaofuata wastani bado ni mbaya. Halafu tunaunda kamati ya kuchunguza takwimu. Sisemi takwimu hazidanganyi kamwe. Mzee alinionyesha hilo pia: alichomoa waya wa kihisi cha joto la maji, na kifaa kikaandika nyuzi -40. Morogoro, saa saba mchana! Namba hiyo ya joto peke yake haina namna ya kusema "sijapata taarifa". Waya ukikatika, ukimya wenyewe unasomeka kama baridi kali. Nimewahi kuona taarifa za utekelezaji ambamo sifuri ilimaanisha hakuna kilichofanyika, na nyingine ambamo ilimaanisha hakuna aliyepiga simu kuuliza, na zote zikajumlishwa kwenye jedwali moja.

Lakini kuna jambo dogo zaidi linalonikera kuliko hayo. Mzee aliunga waya kwa lehemu, akaufunika kwa mpira, akaufunga mbali na chuma. Vifaa vyote havikufika bei ya soda mbili. Kisha akadai malipo ya siku moja na nusu ya kazi. Shemeji, ambaye alikuwa amewalipa mafundi wawili kwa vihisi viwili visivyohitajika bila kunung'unika, alikasirika. "Kaka, nilipe hela yote hiyo kwa waya wa mia tano?"

Sikumlaumu sana, maana serikali yetu inafikiri kama yeye. Katika fomu zote za matengenezo ya magari ambazo nimewahi kusaini kazini, kuna safu ya jina la kipuri, idadi, bei kwa kimoja na jumla. Sijaona safu ya muda uliotumika kutafuta. Fundi anayebadilisha vipuri vitatu kwa kubahatisha anaacha risiti tatu na mkaguzi anaridhika. Fundi anayetumia siku nzima kuthibitisha kwamba hakuna kipuri kinachohitajika ana nini cha kuambatisha? Tukilipa kwa kipuri, tutauziwa vipuri. Wanafunzi wangu wa uhasibu wa umma, kama bado mnatafuta mada ya tasnifu, ichukueni hii, mkaanze na karakana iliyo karibu nanyi.

Kuhusu malipo, dada yangu ndiye aliyeamua. Alimwuliza mume wake kontroboksi ilikuwa bei gani, akasubiri jibu, kisha akazihesabu noti mwenyewe chini ya mwembe. Mzee alipewa na kabichi nne. Kile kihisi cha oksijeni cha zamani tulikikuta bado chini ya kiti cha dereva. Tulikirudisha mahali pake, na kile kipya shemeji anatafuta wa kumuuzia.