PlayStation ilipohamia sebuleni

Mzazi wa Dar es Salaam akisikia neno PlayStation, mara nyingi picha inayomjia ni ya kibanda cha gemu: watoto wamebanana kwenye benchi, sare za shule hazijavuliwa, na sarafu ya shilingi mia tano inapita mkono hadi mkono. Ndiyo maana mashine hiyo ikiletwa nyumbani, wazazi wengi huipokea kama mgeni mwenye sifa mbaya. Hufungiwa kabatini hadi likizo, au hukabidhiwa mtoto chumbani kwake ili nyumba itulie.

Wachache hukumbuka kwamba ndani ya boksi hilo kuna pia deki. PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, ilikuwa ikicheza DVD. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ikaja na Blu-ray, na PlayStation 4 ya mwaka 2013 inacheza zote mbili, inasoma muvi za kwenye flashi na kufungua filamu za mtandaoni. Kwa hiyo swali la mzazi si saa ngapi mtoto atacheza tu. Kuna swali linalotangulia: mashine hii itakuwa ya nani?

Katika familia moja ya Mbagala, swali hilo liliingia mlangoni pamoja na mjomba. Mjomba huyo anafanya kazi Muscat, na alipokuja likizo alimletea mpwa wake wa miaka 14 PlayStation 4 aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Baba wa nyumba, dereva wa lori, alikuwa njiani kwenda Tunduma. Aliposikia habari kwa simu alisema neno moja: iuzwe.

Hakuwa na roho mbaya. Muhula uliopita kijana alikutwa kwenye kibanda cha gemu saa za masomo, na mwalimu alimpigia baba akiwa barabarani, mbali, asiweze kufanya lolote zaidi ya kusikiliza. Jambo hilo lilimuuma.

Mama aliliona kwa upande mwingine. Mashine ikiuzwa, kibanda kitabaki palepale, hatua chache kutoka mlangoni. "Baba watoto, niachie mpaka urudi," alimwambia. "Ikinishinda, utaiuza kwa mkono wako."

Kisha akaweka sharti: mashine itakaa sebuleni, na itakuwa deki ya nyumba kwanza kabla ya kuwa gemu ya mtu.

Kazi ya kuifunga ilifanyika Jumamosi, na fundi alikuwa kijana mwenyewe. Jambo la kwanza walilogundua ni kwamba PlayStation 4 haina waya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kama deki ya zamani. Inatoa picha kwa HDMI peke yake. Runinga yao ina tundu hilo, hivyo picha ilipatikana mara moja, ila maandishi ya pembeni yalikatika. Hilo lilirekebishwa kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya ukubwa wa picha, kwa kuipunguza kidogo kidogo hadi pembe zote nne zikaonekana.

Sauti ndiyo iliwasumbua. Sabufa ya nyumba inapokea waya nyekundu na nyeupe, na mashine haina pa kuzichomeka. Mama alikuwa karibu kukata tamaa, kijana akapitisha mkono nyuma ya runinga na kupapasa. Kulikuwa na tundu dogo la hedifoni. Waya wenye kichwa cha hedifoni upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande mwingine unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Sauti ikatoka mashine kwenda runinga, ikatoka runinga kwenda sabufa. Wenye spika mpya zenye HDMI huchagua tundu la runinga lililoandikwa ARC, nalo hufanya kazi hiyohiyo kwa waya mmoja.

Mama akafurahi, akachukua kitambaa chake cha kufuma na kuifunika mashine, kama anavyofunika kila kitu cha thamani sebuleni. Kijana akakitoa. Mashine hiyo inapumua kwa feni, na kwa joto la Dar es Salaam ikizibwa matundu itanguruma kisha itajizima. Kitambaa kikahamia juu ya meza. Lilikuwa jambo dogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mama kusikia sauti ya mwanawe ikieleza kitu bila kujitetea.

Mtandao nao ulikuwa na mambo yake. Kijana aliwasha hotspoti ya simu ya mama, na mashine haikuiona kabisa. PlayStation 4 za mwanzo hupokea Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu, na simu ilikuwa imewekwa kwenye 5. Simu ilipobadilishwa, ikaonekana. Kisha programu ya Netflix ikagoma kufunguka. Mjomba, aliyekuwa bado yupo, akakumbuka kwamba huko Muscat aliwahi kuzima kipengele kiitwacho HDCP ili arekodi mechi zake za gemu. Kipengele hicho hulinda filamu zisinakiliwe, na kikiwa kimezimwa programu za filamu hukataa. Kikawashwa, filamu ikaja. Mzazi ajue pia kwamba Netflix au YouTube kwenye mashine hii hazihitaji kulipia ule uanachama wa mwezi wa PlayStation. Huo ni wa kucheza gemu na watu wengine mtandaoni.

Gharama iko kwenye bando. Netflix ikiwekwa kwenye kiwango cha kati hutumia takribani MB 700 kwa saa. Ikiwekwa kwenye kiwango cha juu hufika GB 3 kwa saa kwa picha ya HD. Mama aliweka cha kati, na bado wiki ya kwanza bando likaisha usiku mmoja watu wote wakiwa wamelala. Hakukuwa na mwizi. Mashine ilikuwa imeachwa katika hali ya kusinzia, hotspoti iko wazi, nayo ikaendelea kupakua masasisho ya gemu yenye ukubwa wa GB kadhaa. Tangu siku hiyo upakuaji wa kujiendesha umezimwa, na mashine huzimwa kabisa, kisha swichi ya ukutani hufuata. LUKU nayo inashukuru, kwa sababu mashine ya gemu hula umeme mara nyingi zaidi ya vile vifaa vidogo vya filamu vinavyochomekwa nyuma ya runinga.

Kwa hiyo siku nyingi familia haitumii mtandao. Hutumia flashi. Binti wa miaka tisa huenda na shilingi zake kwenye duka la muvi, hurudi na katuni, na mashine huzisoma kwa programu ya kuchezea video ambayo hupakuliwa mara moja. Flashi ya kwanza ilikataliwa. Ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa NTFS, na PlayStation 4 inataka exFAT au FAT32. Hiyo FAT32 nayo haibebi faili moja linalozidi GB 4, hivyo exFAT ndiyo salama kwa filamu ndefu. Jambo hilo ni dogo, ila limewafanya watu wengi waamini mashine yao mbovu.

Bibi, mama mzazi wa baba, hakuvutiwa na lolote kati ya hayo. Aliuliza jambo moja tu: itacheza CD zangu za kwaya? Haichezi. PlayStation 4 haisomi CD za muziki. "Basi ya nini?" akasema, na deki yake ya zamani ikabaki kwenye kona yake, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Lakini bibi alikuwa na DVD moja pia, ya harusi ya mwanawe, ambayo deki ya zamani ilikuwa imeanza kuikwamisha. Mashine hiyo huhitaji kuunganishwa na mtandao mara moja tu ili ifunguliwe kusoma diski za filamu, na hilo lilikuwa limeshafanyika. DVD ikaingia. Babu, aliyefariki kabla binti wa miaka tisa hajazaliwa, akatokea kwenye runinga akicheza kwa madoido mbele ya kamera, leso mkononi. Binti akauliza huyo ni nani. Bibi alimjibu, kisha akaomba irudishwe nyuma. Kijana akairudisha, mara tatu, bila kununa.

Mambo yakawa yamekaa vizuri, ndipo bibi akauliza swali lingine asubuhi moja wakati wa chai.

"Huyo mgeni anayeingia usiku ni nani?"

Mama akashtuka. Mgeni gani?

"Kwenye hiyo runinga yenu. Nikiamka kwenda kunywa maji naona mjukuu wangu amekaa, na juu pameandikwa mgeni."

Kumbe ilikuwa hivi. Kabla ya kuondoka, mjomba alimfungulia kijana akaunti ya mtoto chini ya akaunti yake, akaweka kikomo cha saa mbili kwa siku, akaondoa kadi yake ya benki ili pasinunuliwe gemu kwa bahati mbaya. Alijiona amemaliza. Lakini hakufunga mlango wa uani: mashine ilikuwa bado inamruhusu mtu yeyote kuingia kama mgeni, bila kikomo. Kuzuia hilo kuna mipangilio yake, inayolindwa na namba nne za siri, na namba hizo kwa kila mashine kutoka kiwandani ni 0000. Mzazi asipozibadilisha, kufuli lipo na ufunguo umening'inizwa juu yake.

Kijana aliulizwa. Hakukana. Alikuwa akijua tangu wiki ya pili. Alisema vibandani kila mtoto anajua.

Mama hakupiga kelele, lakini usiku ule hakulala. Si saa za usingizi zilizopotea zilizomkosesha raha. Alikuwa amesimama mbele ya mume wake na kumtetea mtoto, na mtoto alijua hivyo. Akawaza anyamaze, abadilishe namba kimyakimya, na baba asisikie kamwe. Asubuhi akampa kijana simu. "Mwambie baba yako mwenyewe."

Kilichosemwa kwenye simu hiyo hakikuchukua dakika tano. Kijana alisimama uani, akiongea chini kwa chini, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Baba alikuwa hajasema iuzwe. Alikuwa amesema, "Nikirudi utanionyesha inavyofanya kazi. Yote."

Baba alirudi Alhamisi, akaoga, akala, akakaa sakafuni mbele ya runinga na pedi mkononi kama mtu aliyeshika yai. Kwa saa nzima mtoto alimfundisha baba: hapa akaunti, hapa kikomo, hapa mgeni anapoingilia. Walifunga njia ya mgeni. Kwenye Netflix walimtengenezea binti wasifu wa watoto, na wasifu wa watu wazima wakauwekea namba ya siri. Ilipofika kwenye zile 0000, kijana aliinuka bila kuambiwa, akaenda kusimama mlangoni akiangalia nje, mpaka baba alipomaliza kuandika namba mpya.

Kisha wakazungumza habari ya kibanda, jambo ambalo hakuna mipangilio inayoweza kulifunga. Kijana alisema ukweli ambao baba hakuutarajia. Nyumbani gemu ni nzuri zaidi, picha safi, pedi haijachakaa, lakini kule kuna wenzake. Huko anashangiliwa. Baba, ambaye ujana wake ulipita kwenye vibanda vya video, hakuwa na jibu la haraka. Walikubaliana Jumamosi mchana wenzake wawili waje sebuleni, mlango ukiwa wazi, na siku za shule kibanda kisikanyagwe.

Makubaliano hayo yanashika wiki nyingine na nyingine hayashiki. Juzi kijana alichelewa kutoka shule na harufu ya kibanda ilijulikana. Alikosa Jumamosi yake, wenzake wakaambiwa wasije, na hakuna aliyetaja habari ya kuuza.

Mama ana daftari karibu na runinga. Ndani yake yameandikwa mambo ya nyumba hiyo ya sasa: bando lililonunuliwa, uniti za LUKU, flashi ipi ina katuni na ipi ina filamu za wakubwa, zamu ya nani Ijumaa. Zile namba nne hazimo. Baba anazijua, mama anazijua. Kijana hajauliza.